Drafti ilimpita Wainright, NBA akafika: kazi ya basketi inavyoendaga

Mimi ni kocha, nafundisha vijana basketi hapa Kampala, na kila jioni pale Lugogo swali ni lile lile, kocha nifanyeje nifike NBA. Sasa drafti, yaani ule uchaguzi timu za NBA zinachagua wachezaji wapya, ni raundi mbili, wanaochukuliwa ni kama 60 kwa mwaka, dunia nzima hiyo, ukiweka maisha yako yote hapo umekwisha. Ndo maana nawaambia wamfuatilie Ishmail Wainright wa Silverbacks yetu, timu ya taifa ya basketi ya Uganda.

Jamaa kazaliwa Kansas City, Marekani, 1994, kacheza chuo Baylor mpaka 2017, drafti ikampita. Akajaribu hadi ile futboli yao ya helmeti, Buffalo Bills wakamchukua kisha wakamwacha. Akaenda zake Ujerumani, tena sio ligi kuu, daraja la pili kule Nürnberg, halafu akapanda Rasta Vechta, halafu Strasbourg Ufaransa. Mikataba ya Ulaya mingi ni ya msimu mmoja mmoja, klabu inakupa mshahara na pa kulala, ukifanya vizuri ajenti anapata cha kuongea na klabu kubwa zaidi, ukizubaa wanakukata katikati ya msimu na hakuna wa kukulilia.

2021 akavaa jezi yetu AfroBasket, yale mashindano ya mataifa ya Afrika, kule Kigali, tukaitoa Nigeria (siku ile Kampala hatukulala), tukafika robo fainali mara ya kwanza, Cape Verde wakatusimamisha. Oktoba ya mwaka huo huo Toronto Raptors, timu ya NBA iliyokuwa naye, wakamtema, Phoenix Suns nao wa NBA wakamdaka kwa mkataba wa njia mbili.

Huu mkataba watu hawauelewi. Uko NBA lakini timu inaweza kukushusha G League, ligi ndogo ya NBA, saa yoyote, hela ni ndogo kuliko ya mkataba kamili, idadi ya mechi unazoruhusiwa ina kikomo, na pleiofu, zile mechi za mtoano mwisho wa msimu, huchezi kabisa. Ndo maana Aprili 2022, pleiofu zikiwa mlangoni, Suns wakambadilishia wakampa mkataba kamili, maana walimtaka awe nao.

Na hapo Suns hakuwahi kufikisha wastani wa pointi tano kwa mechi! Kazi yake ilikuwa kukaba, mwili mkubwa, anakaba gadi wafupi wenye kasi, anakaba fowadi warefu, anasimama kwenye kona mpira ukimfikia anapiga ya pointi tatu, basi. Vijana wangu wananitumia video za danki na krosova, hakuna hata mmoja aliyenitumia video ya dakika tatu anakaba tu, na mimi hiyo ndo ningeitazama kwanza.

Njia ya hapa nyumbani nayo ipo sasa. City Oilers walicheza BAL, ligi ya klabu za Afrika, mwaka 2023, klabu ya kwanza ya Uganda kufika huko, na skauti, wale wasaka vipaji, wanaitazama BAL. Ila tusidanganyane, wachezaji wengi wa ligi yetu bado wana kazi nyingine mchana, mazoezi jioni, wamechoka na wamekula rolex moja, ile chapati ya mayai.

Ukipata ofa ya nje, jua kwamba kuhama nchi kunataka barua ya ruhusa kutoka shirikisho letu, na ajenti mwenye leseni ya FIBA, shirikisho la basketi la dunia, analipwa asilimia kutoka kwenye mkataba. Anayekuomba hela ya viza kwa mobile money kabla hujaona mkataba wowote, huyo mbloki.