Parkinson na Sheria: Hati za Kuandaa Mkono Ungali na Nguvu

Daktari anapothibitisha ugonjwa wa Parkinson, yaani ugonjwa wa ubongo unaoathiri mwendo wa mwili, mazungumzo ya familia huwa ni ya dawa, mazoezi na kazi, na anayetaja mwanasheria huonekana kama analeta uchuro. Mimi ni mwanasheria wa mirathi na masuala ya matunzo, na ningependa tuitwe mwaka huo huo wa kwanza, kwa kuwa ugonjwa huu kwa kawaida huenda polepole na humwachia mtu muda wa kuamua mambo yake mwenyewe.

Hati ninayoipa uzito kuliko hata wosia ni ya kumteua mwakilishi wa kisheria. Wosia husubiri kifo, ilhali mwakilishi hulipa kodi ya nyumba na kuzungumza na benki mgonjwa akiwa hai. Tatizo ni kwamba, katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, hati ya kawaida ya uwakilishi hukoma aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani wakati ule ule inapohitajika zaidi. Uingereza na Wales, kwa mfano, zina sheria ya mwaka 2005 inayoruhusu uwakilishi unaoendelea baada ya uwezo kupotea, kwa hati moja ya mali na fedha na nyingine ya afya na ustawi. Muulize mwanasheria wako kama sheria ya nchi yako ina hati ya namna hiyo. Kama haina, huenda familia ikalazimika kuomba mahakama iteue msimamizi.

Kuwa na Parkinson si kukosa uwezo wa kisheria. Uso usioonyesha hisia na sauti iliyofifia humfanya shahidi asiyeujua ugonjwa adhani mgonjwa haelewi, na dhana hiyo ndiyo ndugu wanaopinga wosia huishikilia baadaye. Kwa hiyo mimi hupanga utiaji saini katika saa ambazo levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, inafanya kazi vizuri, na huomba maelezo ya daktari ya siku hiyo hiyo kwamba mgonjwa anaelewa anachokifanya. Mwandiko nao hupungua ukubwa, kwa hiyo ni vyema kupeleka benki sampuli mpya ya saini kabla hundi hazijaanza kukataliwa.

Lipo jambo ambalo familia nyingi huona aibu kulitaja. Dawa nyingine za Parkinson, kama pramipeksoli na ropiniroli, zinaweza kumfanya mtu mwenye nidhamu acheze kamari au anunue vitu bila kujizuia. Hayo ni madhara ya dawa, si tabia mbaya, na daktari aelezwe mara moja. Kwa upande wa fedha, akaunti kubwa inayohitaji saini mbili hulinda akiba bila kumvunjia mgonjwa heshima.

Kuhusu matunzo, mtoto akiacha kazi ili amhudumie mzazi, malipo yake yaandikwe katika mkataba ambao ndugu wote wameuona. Mgonjwa pia aandike msimamo wake kuhusu kulishwa kwa mrija, maana kumeza huweza kuwa kugumu. Nakala ya maagizo hayo akabidhiwe mwakilishi, pamoja na ratiba kamili ya dawa na onyo kwamba haloperidoli (dawa ya kutuliza akili) na metoklopramidi (dawa ya kuzuia kutapika) huzidisha dalili za Parkinson, ili siku ya kulazwa ghafla awe nazo mkononi.