Serikali na Dola Si Kitu Kimoja

Chama kikishinda uchaguzi, utasikia kwamba "kimeshika dola". Miaka miwili mitatu baadaye, wapiga kura wale wale hulalamika kwamba "tulibadilisha serikali na hakuna kilichobadilika". Kauli zote mbili nimezisikia mara nyingi mno, na zote zinachanganya vitu viwili ambavyo lugha yetu imevipa majina tofauti.

Serikali ni watu waliokabidhiwa uongozi kwa muda, yaani rais, mawaziri na wateule wao, pamoja na sera zao. Dola ni mamlaka yenyewe ya kudumu: katiba, mahakama, jeshi, polisi, watumishi wa umma, kodi na hata madeni ya nchi. Katiba ya Tanzania, ibara ya 33, inatenganisha mambo haya waziwazi inapomwita Rais Mkuu wa Nchi, yaani wa dola, kisha, kama cheo kingine, Kiongozi wa Serikali. Nasi husema "vyombo vya dola" tukimaanisha polisi na jeshi, kwa sababu vyombo hivyo haviondoki na waziri.

Asili ya maneno haya inastaajabisha. Serikali limetokana na Kiajemi, sar likiwa ni kichwa na kār likiwa ni kazi, na nchini India hadi leo watu huita serikali yao sarkar. Dola (lisichanganywe na fedha ya Marekani, ambayo jina lake lina asili nyingine kabisa) ni la Kiarabu, dawla, kutoka mzizi wenye maana ya kuzunguka na kupokezana. Wasomaji wa Kurani watalikumbuka neno la mzizi huo katika Sura ya 59, aya ya 7, inayokataza mali isiwe kitu cha kuzunguka baina ya matajiri peke yao. Ukoo wa Bani Abbas ulipowaondoa Bani Umayya katika utawala wa dola ya Kiislamu mwaka 750, uliuita utawala wake dawla, yaani zamu yake imefika. Zamu hiyo ilidumu karne kadhaa, na taratibu neno lililomaanisha kupokezana likawa jina la kile kisichopokezwa. Huenda anayesema chama "kimeshika dola" anafuata maana ile kongwe bila kujua. Lakini katika Kiswahili cha leo, kilichopokezwa ni serikali tu.

Je, kupokezana huko kunamfaa mpiga kura? Tazama Kenya. Desemba 2002, muungano wa NARC ulioongozwa na Mwai Kibaki uliiondoa KANU, iliyokuwa madarakani tangu uhuru wa 1963. Januari 2003 ada za shule za msingi zilifutwa, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Mzazi aliyekuwa akimweka mtoto nyumbani kwa kukosa ada hawezi kuambiwa kwamba kura yake haikuleta kitu. Hata hivyo, mzazi huyo huyo alipokwenda kwa chifu alikuta ofisi ile ile iliyoasisiwa na wakoloni, na katiba mpya aliyoahidiwa ndani ya siku 100 haikupatikana hadi Agosti 2010. Iliyopitisha katiba hiyo, ikazaa kaunti 47 na hivyo kuigusa dola yenyewe, ni kura ya maoni, wala si uchaguzi wa rais.

Watanzania nao husema wameongozwa na serikali moja tangu uhuru, ilhali wao wenyewe huzihesabu serikali zao kwa awamu, na sasa wako katika ya sita. Kilichobaki kilekile tangu vyama vya TANU na ASP vilipoungana mwaka 1977 ni chama, yaani CCM. Msichana aliyejifungua na kuzuiwa kurudi shuleni, kwa katazo lililosisitizwa mwaka 2017, aliruhusiwa tena Novemba 2021, baada ya awamu kubadilika ilhali chama ni kile kile.

Kwa hiyo, kwa heshima, ndugu unayesema kwamba hakuna kilichobadilika, lalamiko lako huenda ni la haki kabisa, ila limekosea anwani. Sema: serikali tumeibadilisha, dola bado hatujaigusa.