Je, wajua kwa nini kinu cha nyuklia hakiwezi kukaa Unguja, ingawa Unguja ina haja nacho?

Kwenye barza za kahawa za Mji Mkongwe, umeme ukikatika watu wamo katikati ya dhumna, hazipiti dakika tano kabla ya mtu kuuliza: "Sasa hii urani, kuni ya vinu vya nyuklia, si iko hapo Namtumbo, Ruvuma? Kwa nini Zanzibar tusijenge kinu chetu cha nyuklia, tukaachana na huu waya wa bara?" Wengine hucheka, lakini swali lenyewe lina maana, na jibu lake linaeleza mengi kuhusu umeme kuliko mtu anavyotarajia.

Tuanze na waya. Unguja hupata umeme wake mwingi kutoka gridi ya Taifa, kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Fumba. Wa kwanza ulilazwa 1980, ukiwa na uwezo wa megawati 45. Wa pili, wa megawati 100, ulikamilika 2013. Pemba ina wake, unaotoka upande wa Tanga tangu 2010. Aliyekuwepo Unguja tarehe 10 Disemba 2009 hahitaji kuelezwa kwa nini waya wa pili ulihitajika: njia ya baharini iliharibika na kisiwa kikakaa gizani miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, kila duka likawa na jenereta lake mlangoni, na bei ya barafu ikapanda. Pemba giza lile halikuigusa, kwa sababu haikuwa ikitegemea waya wa Unguja, na wake ulikuwa haujafika. Ilikuwa bado inaungurumisha mashine za dizeli.

Nakiri mapema: nyuklia isingetuokoa mwaka ule. Waya ukikatika, hata ukiwa na mto Rufiji mara kumi upande wa pili, taa haiwaki. Ndiyo maana watu wa barza wanataka kinu kiwe upande huu wa bahari.

Tatizo ni ukubwa. Vinu vya kawaida vinavyojengwa siku hizi hutoa kiasi cha megawati 1,000 au zaidi kila kimoja. Hiyo ni karibu mara saba ya kile nyaya zote mbili za Unguja zilitengenezwa kubeba. Mtu atasema, basi tuwauzie bara kinachobaki. Kwa waya gani? Na hata ukiwepo, kuna jambo jengine.

Fikiria watu wanaopandisha ngalawa mchangani. Wakiwa kumi na mmoja akateleza, tisa waliobaki huongeza nguvu kidogo, chombo hakirudi nyuma. Wakiwa wawili, mmoja akateleza, ngalawa inamburura mwenzake mpaka majini. Gridi ni hivyo hivyo. Mitambo yote huzunguka kwa mwendo mmoja, mizunguko 50 kwa sekunde kwa hapa kwetu. Mtambo mmoja ukizimika ghafla, mzigo wake unawaangukia wengine papo hapo. Ukiwa mkubwa kupita kiasi, mwendo wa wote hushuka, mashine zinajifungia moja baada ya moja ili zisiungue, na nchi nzima inalala. Kwa hiyo wahandisi wana kanuni yao: mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya gridi yote. Gridi ya Tanzania sasa ina mitambo ya kiasi cha megawati 4,000, kwa hiyo hata huko bara kinu cha megawati 1,000 bado ni jitu katika nyumba ndogo. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, limekaa vizuri kwa sababu megawati zake 2,115 zimegawanywa katika mitambo tisa ya megawati 235; mmoja ukitengenezwa, minane inaendelea.

Sababu nyengine ndiyo inayonishawishi zaidi, na ni nadra kuisikia ikitajwa. Kinu cha nyuklia chenyewe kinahitaji umeme wa nje. Aliyewahi kuona makonyo yakikamuliwa mafuta kule Pemba anajua nusu ya kazi yake: chini moto, juu maji, mvuke unatoka kwa nguvu. Kwenye nyuklia moto ni viini vya atomu za urani vinavyopasuka na kurusha nyutroni, nazo zikaenda kupasua viini vyengine. Mvuke unazungusha mtambo, mtambo unatoa umeme. Tofauti ni kwamba moto wa kuni ukiuzima, umezimika. Kinu ukikizima, mabaki ya urani iliyopasuka yanaendelea kutoa joto, kiasi cha asilimia 6 ya joto la kawaida mara tu kinapozimwa, kisha linashuka haraka mwanzoni na polepole baadaye, kwa siku na miezi. Lazima maji yazunguke muda wote huo, na pampu zataka umeme. Fukushima, Japani, Machi 2011, vinu vilijizima vyenyewe tetemeko lilipopiga. Kilichoviponza ni wimbi la tsunami kuzamisha jenereta za kuendeshea pampu. Sasa niambie, kisiwa kilichowahi kukosa waya miezi mitatu ni mahali pa kuweka chombo kama hicho?

Lakini kusema kinu hakifai kukaa Unguja si kusema hakiwezi kuisaidia Unguja. Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, hununua umeme kwa TANESCO, shirika la umeme la bara. Kinachotokea kwenye mabwawa ya bara kinafika Forodhani jioni ileile. Kwa sasa bwawa moja la Rufiji limebeba zaidi kidogo ya nusu ya uwezo wa gridi nzima, na bwawa hunywa mvua. Mwaka 2006 maji ya bwawa la Mtera yalishuka mno na nchi ikaingia kwenye mgao; mwishoni mwa 2022 ukame ukaleta mgao mwengine. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inatusaidia, ila nayo ina kisima na kisima kina mwisho. Jua la Makunduchi halina mshindani saa sita mchana, lakini matumizi yetu hupanda baada ya magharibi, hasa Ramadhani, wakati feni za misikitini zinazunguka kwa tarawehe na kila nyumba ina friji lililojaa juisi.

Nyuklia haijali masika wala kiangazi. Kinu kikishatiwa urani hukaa mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla ya kuzimwa na kuongezewa. Kidonge kimoja cha urani, chenye ukubwa wa ncha ya kidole, hutoa nguvu karibu sawa na tani moja ya makaa ya mawe. Na moshi wa kupasha joto dunia ni kidogo mno: kwa hesabu ya maisha yote ya mtambo, gramu 12 hivi za kaboni dayoksaidi kwa kila uniti, dhidi ya 490 za gesi na 820 za makaa. Kwa watu ambao mabonde yao ya mpunga yanaingiliwa na maji ya chumvi, nambari hizo si za darasani tu.

Wenye jamaa zao Abu Dhabi wana mfano wa karibu. Imarati, nchi iliyolala juu ya mafuta, ilisaini mkataba na Wakorea 2009, ikaanza kujenga Barakah 2012, na tangu 2024 vinu vinne vinatoa karibu robo ya umeme wa nchi. Mimi nikiona mwenye mafuta anatafuta moto mwengine, najiuliza anajua nini.

Sitaficha upande wa pili. Finland ilianza kinu chake cha tatu cha Olkiluoto 2005, kikaanza kazi rasmi 2023. Gharama za vinu viwili vipya vya kituo cha Vogtle kule Marekani zilipita dola bilioni 30. Barani Afrika kuna kituo kimoja tu kinachotoa umeme wa nyuklia, Koeberg cha Afrika Kusini, tangu 1984; Misri inajenga cha pili, El Dabaa. Majirani zetu wa Kilifi, Kenya, waliandamana kupinga kinu kwenye pwani yao, wakihofia uvuvi. Na taka za urani ni chache kwa ujazo, ila lazima zilindwe kwa maelfu ya miaka, muda mrefu kuliko umri wa Mji Mkongwe.

Kwa hiyo rai yangu ni ya polepole: Tanzania isomeshe watu sasa, isubiri gridi ikue, na ianze na vinu vidogo vya chini ya megawati 300, bara, mahali penye njia zaidi ya moja za umeme. China ilianza kujenga kimoja cha megawati 125 kisiwani Hainan 2021, na inafaa tukitazame kwa makini. Urusi imekwenda mbali zaidi; mji wa Pevek, huko kwenye barafu, tangu 2020 unapata umeme kutoka melini, vinu viwili vya megawati 35 kila kimoja vikiwa vinaelea bandarini.

Niliposimulia habari ya meli hiyo barzani, mzee mmoja aliuliza kama inaweza kufunga gati Malindi. Kwa megawati, nikamwambia, ingetosha kuwa msaada mkubwa. Akatazama upande wa bandarini, zilikojipanga boti za abiria, akasema basi waanze kutafuta gati jengine la boti za Pemba.