"Waache wapigane, wajuane mkubwa nani": si kweli

Malindi, kwenye nyumba zenye ua mpana na mbwa wawili watatu wa ulinzi, ushauri ni uleule: wakigombana waache, wakishajuana mkubwa nani watatulia. Aghalabu hawatulii. Kila pigano humfundisha mbwa kuuma mapema zaidi mara ijayo.

Dhana hiyo ilipata nguvu kutokana na maandishi ya mtafiti wa wanyama Rudolf Schenkel ya 1947, kuhusu mbwa mwitu wa Ulaya waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama. Mwaka 1999 mtafiti wa mbwa mwitu David Mech alieleza kuwa porini kundi huwa ni wazazi na watoto wao, si mashindano ya ukubwa.

Mbwa wa nyumba moja hugombania kitu: bakuli, mfupa, kivuli cha mwembe saa saba mchana, au mwenye nyumba anapoingia getini. Basi mlishe kila mmoja nyuma ya mlango wake, na bakuli liondolewe baada ya dakika 15. Mwili ukikakamaa na macho yakaganda, watenganishe papo hapo. Kimya cha ghafla kinatisha kuliko ngurumo.

Wakishashikana, usitie mkono shingoni. Hapo ndipo watu huumwa. Gonga sufuria, mwaga ndoo ya maji, au penyeza ubao katikati yao. Kisha watenge siku kadhaa. Kuwarudisha ni kwa kutembezwa sambamba: watu wawili, kamba mbili, mita 5 kati yao, mkisogeleana taratibu.

Mpole aliyegeuka mkali ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo. Huenda ni sikio au nyonga inayouma.