Mjukuu Anapopelekwa kwa Kambo Aliyepigana Vita

Hapa Lubumbashi mtoto akizaliwa hupelekwa mapema kwa kambo, yaani babu yake, na akiwa amepewa jina la mzee huyo, haraka huwa kubwa zaidi, kwa sababu wajina hawakai miezi bila kuonana. Lakini kambo akiwa askari wa zamani, familia nyingi husitasita. Akina mama wanaokuja kwetu katika huduma ya afya ya akili hueleza kwamba mzee hushtuka, hupaza sauti, labda atamwangusha mtoto, na kwa hiyo wameona heri wangoje mpaka mtoto atembee. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake si kumficha mtoto. Mzee anayeona mjukuu wake akipitishwa mbali naye huelewa upesi kwamba yeye ndiye anayeogopwa.

Kijana aliyevaa sare ya jandarmeri, yaani jeshi la jimbo letu la Katanga, baada ya tangazo la kujitenga na Kongo la tarehe 11 Julai 1960 sasa amepita miaka 80. Waliopigana katika vita vya Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, vya mwaka 1977 na 1978 wanakaribia miaka 70 au wameizidi, na hawakuwa wote upande mmoja. Hutokea kwamba babu mzaa baba na babu mzaa mama walikuwa maadui msituni. Basi habari za vita zisiguswe siku ya kumleta mtoto mbele ya wakwe, hata kwa nia ya kumsifu mzee.

Kumbukumbu za vita hazichakai pamoja na mwili. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi bila kulalamika anaweza kuanza kuota mapigano baada ya kustaafu, baada ya kufiwa na mkewe, au maradhi ya usahaulifu yanapoanza, kwa kuwa shughuli na mazungumzo yaliyokuwa yakizituliza kumbukumbu hizo yameondoka. Tena milio ya bunduki huharibu masikio, ikianza na uwezo wa kusikia sauti nyembamba, na uzee huongeza hapo hapo. Sauti ya mtoto ni nyembamba. Kwa hiyo mjukuu anayesalimu bila kuitikiwa hajadharauliwa, bali hajasikika vizuri; na kilio kinachopasuka ghafla nyuma ya mzee humfikia kama kelele asiyoijua wala kujua inatoka wapi, na mwili wake hujibu kabla akili haijatambua kwamba ni mtoto.

Ndiyo maana mahali na saa vina uzito kuliko maneno mazuri ya kumtambulisha mtoto. Chagueni asubuhi, mzee akiwa ameamka na amekula, si jioni ya masika wakati radi inapopiga na mvua inagonga mabati, wala siku ya sherehe yenye baruti na vipaza sauti. Mpeni kiti chenye mikono, mgongo wake ukielekea ukuta na macho yake yakiuona mlango. Mama aje kutoka mbele, aseme kwa sauti nzito na ya polepole kwamba ameleta mtoto, kisha akae karibu, amweke mtoto mapajani mwa mzee huku mkono wake mwenyewe ukibaki chini ya shingo ya mtoto. Mtoto akilia, amchukue taratibu bila kumnyakua, maana kunyakuliwa mtoto mikononi ni aibu ambayo mzee haisahau. Dakika kumi zatosha kwa mara ya kwanza. Mkimkuta amelala, msimguse wala kumtikisa: simameni mlangoni, mwiteni kwa jina mpaka afumbue macho.

Ikiwa mzee amekunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, na wengi huinywa ili wapate usingizi ingawa huuvuruga zaidi, ahirisheni. Akiwa na kikohozi cha majuma mawili au zaidi, apimwe kifua kikuu kwanza kabla ya kumbeba mtoto mchanga. Na mkijua kwamba ana risasi au guruneti ya zamani aliyoiweka sandukuni kama ukumbusho, msiiguse, msiihamishe; wajulisheni wenye mamlaka, kwa kuwa silaha ya zamani bado hulipuka.

Mtoto aliyekwisha kusema huandaliwa nyumbani, kwa maneno machache: kambo aliona vita, kelele humshtua, akishtuka si kosa lako. Siku moja atauliza, «Kambo, uliua watu?» Wazazi hukimbilia kumnyamazisha, nami naona wanakosea. Mwacheni mzee ajibu au akatae mwenyewe. Wengi huchagua kusimulia viatu vilivyowabana, ugali uliopikwa kwa maji ya mtoni, rafiki aliyekuwa akiimba usiku, na mtoto huridhika na hayo. Akitokwa na machozi, kaeni naye kimya. Lakini ndoto mbaya zikimwamsha kila usiku, au akianza kumwita mjukuu kwa jina la mwenzake aliyekufa vitani, mleteni kwenye kituo cha afya, na mtu anayelala karibu naye aje pia, kwa sababu huyo ndiye anayejua usiku wake.