Je, wajua kwa nini watu hulipa ada kwa ajili ya programu wanazoweza kuzipata bure?

Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili hapa: bure ni kisicholipiwa, huria ni kisichofungwa. Programu huria humruhusu mtumiaji kuitumia kwa kazi yoyote, kuuchunguza na kuubadilisha msimbo wake, yaani maandishi ya maelekezo yanayoiunda, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia hata ile aliyoibadilisha mwenyewe. Nyingi hupakuliwa bila kutoa senti. Mbona basi Free Software Foundation, shirika lililoanzishwa na Richard Stallman nchini Marekani mwaka 1985, lina wanachama wanaolichangia fedha kila mwezi?

Si kwa sababu ya wanachokipata mkononi. Mwanachama hupewa kadi ya uanachama na huingia bila kiingilio katika mkutano wa LibrePlanet, lakini hapigi kura ya kuchagua bodi, jambo ambalo anayetaka kujiunga anapaswa kulijua mapema. Thamani iko kwingine, katika sheria ya hakimiliki.

Stallman hakuuacha msimbo wake bila mwenyewe. Aliuwekea leseni ya GPL, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989, yenye sharti zito: anayesambaza programu hiyo, iwe kama ilivyo au ikiwa imebadilishwa, lazima awape wapokeaji msimbo pamoja na ruhusa zilezile alizopewa yeye. Hata hivyo, leseni haiwezi kwenda mahakamani yenyewe. Lazima awepo mwenye hakimiliki wa kuidai. Ndiyo maana waandishi wengi wa programu za GNU, mradi wa programu huria ulioanzishwa na Stallman, walitia saini kulikabidhi shirika hakimiliki zao, kwani mwandishi mmoja mmoja, akiwa na mshahara wake tu, hawezi kupambana na kampuni kubwa.

Tazama kisa cha ruta ya Linksys WRT54G, kile kisanduku cheusi na buluu chenye antena mbili kilichosambaza intaneti katika nyumba nyingi. Mwaka 2003 ilibainika kwamba ndani yake mlikuwa na programu huria ambazo msimbo wake wanunuzi hawakupewa. Kampuni ya Cisco, iliyoinunua Linksys mwaka huohuo, ilijadiliana na shirika kwa miaka mitano, hadi shirika likafungua kesi Desemba 2008. Mei 2009 walipatana: Cisco ikakubali kumteua msimamizi wa kuhakikisha leseni zinafuatwa, kuwaarifu wateja haki zao, na kulichangia shirika fedha. Kabla ya hapo, msimbo uliokwisha kutolewa wa ruta hiyo ulikuwa umezaa OpenWrt, mfumo unaoendesha ruta za aina nyingi hadi leo. Kufuatilia jambo kwa muda mrefu hivyo kunahitaji mawakili na watumishi wanaolipwa mwezi baada ya mwezi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi halisi ya ada ya mwanachama.

Matunda ya leseni za shirika hili yalitufikia hata sisi. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. OpenOffice ilitolewa chini ya LGPL, leseni nyingine iliyoandikwa na shirika hilohilo, na kwa hiyo watafsiri hawakulazimika kumwomba mtu yeyote ruhusa wala kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama Kiswahili kina soko.