Estrojeni na akili ya mzazi: msisubiri arobaini

Estrojeni ni nini?
Ni homoni ya kike. Hutengenezwa kwenye ovari, na wakati wa ujauzito nyingi hutoka kwenye kondo la nyuma. Watu wanaijua kwa habari za hedhi, lakini inafanya kazi hadi kwenye ubongo: inagusa kumbukumbu, hisia na namna mwili unavyohimili msongo wa mawazo.

Inahusiana vipi na mama aliyejifungua?
Mwisho wa ujauzito estrojeni huwa juu sana. Kondo likishatoka, inaporomoka ndani ya siku chache, na wakati huohuo mzazi ana kidonda, maziwa yamejaa, mtoto analia saa nane za usiku. Ndiyo maana kati ya siku ya 3 na ya 5 wengi hutokwa machozi hata kwa neno dogo. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Kinachotakiwa ni usingizi, chakula, na mtu wa kumpokea mtoto. Wageni wanaokuja kumpima tabia wabaki kwao.

Nasahau sana. Juzi nimebandika uji mpaka ukaungua.
Usingizi wa vipandevipande hufanya hivyo. Ukianza kulala vizuri, akili hutulia. Lakini mzazi anayesema "huyu si mwanangu, wamenibadilishia" hajasahau kitu. Huyo anaumwa.

Wiki mbili zimepita, bado analia. Wifi zake wanasema anadeka.
Hadeki. Hiyo inaweza kuwa sonona, na duniani humpata takriban mzazi 1 kati ya 10. Hana raha na chochote, hali chakula vizuri, mtoto akilala yeye anakodolea dari, anajiona mama asiyefaa. Kuporomoka kwa homoni ni sehemu tu ya sababu. Ugomvi wa ndani, ukata na upweke huchangia. Mpelekeni kituo cha afya. Na muulizeni waziwazi kama anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, muondoke naye saa hiyohiyo.

Shemeji ana siku ya sita. Hajalala usiku tatu, anaongea na watu tusiowaona. Mama mkwe anasema ni majini, tusubiri arobaini iishe.
Hapana. Mpelekeni leo. Hicho ni kichaa cha uzazi. Humpata mzazi 1 au 2 katika kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Ni dharura sawa na kutokwa damu nyingi. Kama ana homa, kichwa kinauma sana au amepata degedege, huenda ni maambukizi ya kizazi au kifafa cha mimba, na hivyo navyo vinaua. Hayo hayapimwi nyumbani.

Tumsomee kombe kwanza, au apelekwe kwenye maombi?
Someni, ombeni, lakini mkiwa njiani kuja hospitali. Tunapokea wazazi waliofungwa kamba na kufukizwa ubani wiki nzima, midomo imekauka, mtoto hajanyonya. Wiki hiyo ndiyo inayotuumiza.

Si atapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma?
Anzeni hospitali iliyo karibu. Wao ndio wataamua kama anahitaji rufaa. Na akipelekwa Mirembe, ni hospitali, si jela. Wengi hupona na kulea watoto wao.

Tusubiri hata siku mbili tatu?
Hapana. Msisubiri siku mbili, wala arobaini.

Kama tatizo ni estrojeni, si ninunue vidonge duka la dawa?
Usithubutu. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vikitumiwa katika wiki 3 za kwanza baada ya kujifungua huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na si tiba ya sonona. Zipo dawa za sonona ambazo mama anameza huku ananyonyesha. Mwambieni daktari kwamba ananyonyesha, naye atachagua. Msimwachishe mtoto ziwa kwa uamuzi wa jirani.

Akibeba mimba nyingine?
Kichaa cha uzazi kinaweza kurudi. Asikifiche kwa aibu. Akitaje kliniki hudhurio la kwanza kabisa, kiandikwe kwenye kadi, na mume naye ajue dalili, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajioni kuwa anaumwa.